Mabomba ya Msiba

Wiki iliyopita waliteremsha mabomba mapya mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lililo jirani na genge langu hapa Lushoto mjini. Mabomba ya plastiki, ya bluu, marefu, bado yana ule unga mweupe wa kiwandani. Jua la saa nne likayapiga, harufu ikainuka, na mimi, ambaye wateja husema nacheka hata nikiumwa jino, nikajikuta nimelikamata kabichi kama mtu anayetaka kulirusha. Mteja akaniuliza, "Mama Shabani, kabichi limekukosea nini?" Nikamwambia hilo halina kosa. Wenye kosa hawapo hapa, na wangekuwapo ningebaki na genge tupu.

Tangu siku hiyo nina hasira. Nimeona niiandike, maana nilisoma kidato cha nne cha jioni kwa taabu, nikiwa na watoto wawili, mmoja akinisahihisha hesabu, na elimu hiyo lazima initumikie kwa kitu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku juu mnaijua habari ya maji. Kijiji chetu kiko kwenye mgongo wa mlima, upande wa kuelekea Mlola, na kisima kilikuwa bondeni. Kushuka ilikuwa nusu saa, kupanda nusu ya maisha. Ndoo ya lita ishirini ilinikalia kichwani miaka mingi kiasi kwamba naamini Mungu alinipangia futi sita. Zile zilizopungua ziko kwenye ile njia mpaka leo. Na juu ya kijiji, ndani ya msitu, kulikuwa na chemchemi inayotiririka bure mchana na usiku. Maji yale yangeshuka yenyewe mpaka mlangoni kwetu, bila mashine wala mafuta. Yalitaka bomba tu. Kila mtu mzima alilijua hilo, na kila mtu mzima alikuwa amekwisha kuchoka kulisema.

Halafu mbunge wetu akafa.

Sikuwahi kumwona, na sidhani kama kijijini petu alikuwapo aliyewahi kumwona. Tuliijua picha yake tu, iliyobandikwa kwenye mlango wa ghala la Mzee Hoza, mwenyekiti wa kijiji, nayo mvua ilikuwa imemla nusu ya uso. Nilikuwa darasa la saba. Asubuhi ile mwalimu mkuu alitupanga mstarini, bendera ikawekwa nusu mlingoti, akatuambia, "Watoto, jimbo letu limefiwa. Sisi sote tumefiwa."

Nikalishika neno hilo. Kwetu mtu akifiwa hapiki wala hateki maji. Majirani wanamletea kuni, wanamletea unga, na kabla ya yote wanamletea maji, ndoo kwa ndoo, mpaka mapipa yafurike. Mikeka inaazimwa, sufuria kubwa linaazimwa, turubai linaazimwa. Nilikuwa nimekwisha kuhudhuria misiba kama elfu moja, kwa hiyo nilikuwa mtaalamu. Tumefiwa, basi tutaletewa.

Na kweli tukaletewa! Kwanza likaja greda. Barabara yetu ambayo haikuwa imeguswa tangu Nuhu atoke safinani ikalainishwa kwa siku mbili, na lile dude lilinguruma mpaka kuku wa kata nzima wakaacha kutaga. Yakaja magari yenye spika. Akaja mgombea, mtu mnene mwenye sauti nzuri, akasimama kwenye uwanja wa shule yetu akasema kwamba kwenye uchaguzi huu mdogo yeye haombi kura, anaomba kututua ndoo kichwani. Siku tatu baadaye likaja lori limejaa mabomba ya bluu. Yakapangwa kando ya njia, kutoka msituni mpaka karibu na msikiti, na sisi watoto tukawa tunayanusa, tunatia vinywa kwenye matundu na kuitana. Mimi nikawaeleza wenzangu, kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu, kwamba hii ni rambirambi. Serikali imesikia tumefiwa, imetuletea maji kama inavyotakiwa. Hakuna aliyenipinga. Wakubwa walikuwa na maelezo yao ya vyama na kura, lakini yangu yalikuwa yamenyooka zaidi.

Kazi ya wote kwetu tunaiita msaragambo. Gunda, ile pembe ya mnyama, ikilia asubuhi, kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Huulizi. Usipokwenda unatozwa kuku, na kuku si hoja. Hoja ni kwamba siku ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Hivyo ndivyo tulivyojenga shule, zahanati na njia ya kwenda kisimani. Wageni wakija wanashangaa: watu wanatoka mia mbili kwa pembe moja! Huo ndio uzuri wetu, na mgombea yule alikuwa ameambiwa habari zake kabla hajafika.

Gunda likalia. Kijana mmoja wa mgombea, mwenye buti safi ambazo hazijawahi kukanyaga mlima wowote, akapita na vigingi akionyesha mfereji wa bomba utakapopita. Ulitoka msituni ukashuka wima, moja kwa moja, katikati ya shamba la mama.

Lazima niwaeleze lile shamba. Lilikuwa ngazi kumi na moja za udongo mweusi, babu kazichimba kwa mkono ili kuzuia maji ya mvua, kila ngazi ina ukingo wa majani ya tembo. Baba alikuwa kibarua Handeni, tukimwona sikukuu kwa sikukuu. Mama ndiye aliyekuwa nyumba, na shamba ndilo lililokuwa mama. Mwaka ule alikuwa amepanda karoti kwenye ngazi zote, za juu mapema, za chini baadaye, na tulipokuwa tukipalilia alikuwa akinionyesha kwa kidole: "Hizi ni sanduku lako. Hizi godoro. Hizi sare na viatu. Wewe faulu tu, Mwanaidi, sekondari yako iko hapa ardhini."

Mama alikitazama kigingi cha kwanza, akatazama juu, akatazama chini. "Kijana," akasema, "mfereji huu unashuka wima. Unakata makingamaji yote. Mvua ikija si utakuwa mto?"

"Mama, usiwe na wasiwasi. Tunafukia kabla ya vuli. Mabomba si hayo hapo unayaona?"

"Pitisheni kando basi, kwenye njia ya ng'ombe. Mtazunguka kidogo tu."

Mzee Hoza akaingilia kati. "Mama Mwanaidi, watu mia mbili wamekuja na majembe, wewe unataka tuzungushe maji kwa ajili ya karoti? Maji si ya wote?"

Hapo akamweza. Ukishaambiwa "ya wote" kwetu, huna tena pa kusimama. Mama akaomba nusu saa. Akaingia shambani, mimi nyuma yake, tukang'oa karoti zote zilizokuwa kwenye mstari ule ili zisikanyagwe. Zilikuwa na unene wa kidole cha mtoto. Tulizila wiki nzima, mbichi na za kupikwa, mpaka nikaamini macho yangu yataona Mombasa. Halafu mama akachukua jembe lake, akaukata mwenyewe ukingo wa ngazi ya kwanza. Alisema kama ni kukatwa, bora akate yeye, anajua udongo wake.

Siku nne mfereji ukamalizika, kina cha kiuno cha mtu mzima. Mabomba yakawa yamelala kando yake yakisubiri mafundi. Mafundi, tukaambiwa, wanakuja mara tu baada ya uchaguzi.

Siku ya kura mama alivaa kanga ambayo haijafuliwa hata mara moja, akasimama foleni tangu alfajiri, akarudi na wino kidoleni. Alininyooshea kile kidole kwa furaha kama pete. Mgombea akashinda. Alishinda mno. Tukaimba.

Siku ya tano baada ya matokeo gunda likalia tena. Watu wakaja mbio na majembe na koleo, wengine wamebeba hadi chai na viazi, maana leo maji yanaingia. Tukalikuta lori, lile lile, tupu, na Mzee Hoza amesimama kwenye ngazi ya mlango wa lori.

"Wekeni majembe chini," akasema. "Leo hatuchimbi, leo tunapakia. Mabomba haya ni membamba. Mheshimiwa mwenyewe ameona hayatoshi watu wote hawa. Yanakwenda kubadilishwa, tunaletewa manene!"

Watu wakapiga vigelegele. Nawaapia, walipiga vigelegele. Halafu wakapakia.

Hapa ndipo kabichi linapoponea chupuchupu. Mwizi wa kawaida ana adabu zake, anabeba mwenyewe. Anatoka jasho, anaumwa mgongo, anahatarisha maisha yake. Wale walitupigia pembe yetu wenyewe, ile inayotuita kujenga shule na kuchimba makaburi, wakatubebesha maji yetu kuyapeleka garini, nasi tukaimba. Mama alishika kichwa cha bomba, mimi nikashika mkia, tukapanda na kushuka mara ishirini. Aliyechelewa alitozwa kuku!

Utingo wa lile lori alikuwa amekaa juu ya mzigo akila muwa. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mnayapeleka kwa fundi gani?"

"Fundi wa nini? Tunakwenda jimbo jingine, mbali huko. Nako kuna uchaguzi mdogo."

"Nao wamefiwa na mbunge?"

Akacheka mpaka muwa ukamponyoka. "Ee, mdogo wangu. Wamefiwa."

Wala sikushtuka. Vitu vya msiba hurudishwa. Matanga yakiisha, mikeka inakwenda kwa wenyewe, sufuria linakwenda kwa mfiwa mwingine. Niliona ni haki kabisa. Hao wenzetu watakuwa na kiu, nikawaza, na nikasukuma bomba la mwisho kwa moyo mkunjufu. Jioni, tukiwa tunachambua mnavu, nikamwambia mama habari ile kama habari njema: mabomba yanakwenda kwenye msiba mwingine.

Mama akaacha kuchambua. "Nani kakwambia?"

Nikamweleza. Akanifuta mikono kwa kanga yake, akanivuta mpaka kwa Mzee Hoza. Tulimkuta anakula. Mama alimwamkia kama inavyopasa, akakaa chini, akasema, "Mzee wangu, sikuja kugombana. Mabomba yaende yanakokwenda. Naomba ruhusa nifukie mfereji kwenye shamba langu. Vuli iko mlangoni."

"Ufukie? Na mabomba manene yakija utafukua peke yako?"

"Nitafukua peke yangu."

"Ule mfereji ni mali ya kijiji, mama Mwanaidi. Umechimbwa kwa msaragambo. Atakayetia hata koleo moja bila mkutano nitampeleka baraza la kata. Usinitie aibu kwa mheshimiwa." Akachovya tonge. "Subira, mwanangu. Mabomba yanakuja."

Mama hakufukia. Siku hizi nikiwaza, namkasirikia hata yeye kidogo, Mungu anisamehe. Lakini angewezaje? Mwanamke peke yake, mume yuko Handeni, na majirani wote wanaamini. Angefukia, wangesema kafukia maji ya kijiji.

Mabomba hayakuja. Mimi sikuwa na shida, dawa nilikuwa naijua. Madrasa ilipokwisha nikabaki nyuma nikamwomba maalim atuombee dua. "Tumwombee nani?" akauliza. Nikamjibu, "Mheshimiwa mpya. Afe." Maalim alikohoa mpaka kofia ikamwanguka. Akaniambia binadamu haombewi kifo, nirudi nyumbani nikatubu. Nilitoka nikimwona mchoyo. Yeye alikuwa na bati na pipa la kukingia mvua, angejua nini habari ya kiu?

Vuli ikaingia siku ya soko, saa nane mchana. Si mvua, ni mtu aliyeegemeza bahari mlimani. Mama alitupa kikapu, akashika jembe, mimi nikashika koleo. Tulipofika, ule mfereji ulikuwa umekwisha kujaa na unatembea, maji mekundu yanashuka kutoka msituni moja kwa moja, hayana pa kupumzika, maana kila ukingo uliokuwa ukiyapumzisha tuliukata wenyewe. Tukatupa mawe. Tukatupa magogo ya migomba. Mama aliingia mpaka mapajani akijaribu kuziba kwa mwili wake, akinipigia kelele kwa Kishambaa nisisogee. Ngazi ya kwanza ikavunjika pembeni, taratibu, kama mkate unavyomeguka. Ya pili haikuchukua muda. Ya tatu ilitoa sauti, na baada ya hapo sikuhesabu. Karoti zilikuwa zinaelea, rangi ile ya chungwa juu ya matope, zinashuka bondeni kwa makundi, sanduku langu, godoro langu, viatu vyangu.

Mvua ilipokatika palikuwa na korongo ambalo ungeweza kuficha ndani yake basi la abiria na abiria wake. Vipande vya ngazi mbili tu vilibaki pembeni. Udongo wa babu ulikuwa chini huko, umefunika kisima.

Ndiyo. Na kisima kikafa. Tukaanza kuteka maji kijiji cha pili.

Mwezi uliofuata matokeo ya darasa la saba yakatoka. Nimefaulu. Wasichana tulikuwa watatu shule nzima. Mwalimu mkuu alileta nyumbani karatasi ya vitu vinavyotakiwa, mama akaisikiliza yote nikimsomea, akaikunja vizuri sana, akaiweka chini ya kopo la chumvi. Alikuwa amekwisha kupata kibarua cha kupalilia kabichi za watu, na alikuwa amenitafutia na mimi.

Shule zilipofunguliwa, mheshimiwa akaja kushukuru wapiga kura na kutupa pole ya mvua. Gunda likalia. Watu wakajaa uwanja wa shule, mkeka mwekundu ukatandikwa, na sisi tuliofaulu tukaitwa mbele tumsalimie, hata mimi ambaye sikuwa nakwenda popote. Alipita akitushika vichwa. Alinipenda sijui kwa nini, akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mtoto mzuri, unaitwa nani? Una swali lolote kwa mbunge wako? Sema, usiogope."

Nilikuwa na swali. Nilikuwa nalo tangu lori liondoke.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba!"

"Mwenzako alipokufa tuliletewa mabomba. Msiba ulipokwisha yakarudishwa. Je, wewe utakufa lini, ili tuletewe tena?"

Zile spika zilikuwa kubwa. Mlima wa pili ulisikia, ukarudia. Mzee Hoza alinirukia, akanishika sikio, akalisokota mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu. "Mshenzi wewe! Nani kakufundisha?"

Nikamwona mama anainuka katikati ya wanawake. Mama yangu alikuwa na mkono mwepesi, alinipiga kwa mambo madogo kuliko hilo mara nyingi kuliko nyota. Nikajua nimekufa mimi kabla ya mheshimiwa. Alikuja mpaka mbele, akautoa mkono wa Mzee Hoza sikioni kwangu, kidole kwa kidole.

"Mwache," akasema. "Ameuliza. Ajibiwe."

Mheshimiwa akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha kushuka tumboni. "Jamani, mwacheni mtoto! Mtoto huyu ana akili sana. Hawa ndio tunaowataka. Mzazi wake ni wewe, mama? Basi nakuagiza mimi, mbunge wako: huyu nataka kumwona sekondari!" Akageukia watu. "Makofi kwa huyu mtoto!"

Watu wakapiga makofi.

Mama hakupiga. Aliinua mkono akaonyesha kule juu, ng'ambo ya uwanja, lilipokuwa lile korongo jekundu linaonekana kama mlima umechanwa na kisu.

"Sekondari yake ilikuwa pale, mheshimiwa," akasema, bila kipaza sauti. "Imeshuka na maji yako. Twende ukanionyeshe nianzie kufukua wapi."

Mheshimiwa akatazama saa. Mtu wa buti safi akamnong'oneza, dereva akawasha gari. Mzee Hoza akakinyakua kipaza sauti, uso umemtoka jasho, akapaza ile salamu ya chama kwa nguvu zake zote. Na watu wa kijiji changu, waliochimba na kupakia na kuteka maji kijiji cha pili, wakainua mikono wakaitikia. Akarudia, wakaitikia tena. Gari likaondoka, vumbi likatua, wanawake wakaanza kukung'uta kanga zao, na mama alikuwa bado amesimama palepale, mkono umenyooka kuelekea shambani, hakuushusha.